Dawa kwenye maji kila wiki, au chanjo na banda safi? Ulinganisho kwa mfugaji wa kuku

Ukinunua vifaranga 100 leo, mara nyingi utaondoka na boksi na karatasi. Karatasi ni ratiba ya dawa, imepigwa fotokopi mpaka herufi zimefifia, na wafugaji wamerithishana mkono kwa mkono. Siku ya 1 glukosi. Siku ya 2 hadi ya 6 antibayotiki kwenye maji. Siku ya 7 chanjo ya mdondo. Halafu antibayotiki tena "kusafisha kifua", vitamini siku tatu, antibayotiki nyingine "kwa ajili ya kinga", na mzunguko unaendelea hivyo mpaka kuku auzwe.

Karatasi hiyo imechanganya njia mbili za kufuga, na mfugaji anahitaji kuziona kila moja peke yake kabla hajachagua. Moja nitaiita njia ya dawa: kuku mzima ananyweshwa antibayotiki kila baada ya siku kadhaa ili asiugue. Nyingine nitaiita njia ya kinga: chanjo kwa tarehe zake, banda kavu lenye hewa, na antibayotiki inabaki dukani mpaka kuku augue na ugonjwa ujulikane.

Nimefuga kwa njia zote mbili hapa mkoa wa Pwani, kwanza kuku wa nyama, sasa kuku wa mayai. Nimeishia kwenye njia ya kinga, nasema mapema usije ukadhani nimekaa katikati. Lakini njia ya dawa haikuenea bure. Ina mvuto wake, na ina mahali pachache ambapo ni ya kweli, nitapafikia.

Ni nini hasa kinachoua kuku wako?

Swali hili ndilo zito kuliko yote, ndiyo maana nitakaa hapa kwa muda.

Mdondo, ambao wengine huuita kideri na dukani huitwa Newcastle, ni ugonjwa wa virusi. Gumboro ni virusi. Ndui ya kuku ni virusi. Mareksi ni virusi. Antibayotiki nyingi hufanya kazi kwa kubomoa ukuta wa bakteria au kuzuia mtambo wake wa kutengeneza protini, na kirusi hakina ukuta huo wala mtambo huo. Kwa hiyo kuku mwenye mdondo aliyenyweshwa OTC (oksitetrasaiklini, antibayotiki mojawapo) hana tofauti na kuku mwenye mdondo aliyenyweshwa maji matupu, hata uzidishe dozi mara tatu.

Somo hili nililipia. Kundi langu la pili lilikuwa vifaranga 200. Dawa walikunywa kama karatasi ilivyosema, bila kukosa. Chanjo ya siku ya 21 niliiruka kwa sababu nilisafiri, nikajiambia si neno, dawa wanakunywa. Wiki ya nane wakaanza kupinda shingo, wengine wanaharisha kijani, wengine wanahema midomo wazi. Muuzaji wa dawa akaniambia nibadilishe, hiyo niliyokuwa natumia imezoeleka, akanipa kali zaidi. Kisha kali zaidi ya hiyo. Ndani ya siku tisa nilitumia dawa tatu, nikabaki na kuku 31. Nilipopeleka watatu maabara, jibu lilikuwa mdondo. Dawa zote tatu zilikuwa sahihi kwa magonjwa ambayo kuku wangu hawakuwa nayo.

Kuhara damu nako kuna mkanganyiko. Ugonjwa huo huletwa na koksidia, kijidudu ambacho si bakteria wala kirusi. Dawa yake ni amproliamu au dawa za jamii ya salfa, na chanzo chake ni maranda yaliyolowa. Mfugaji humwaga OTC, papo hapo hubadilisha maranda kwa sababu ameona damu, kuku wakipona sifa inakwenda kwa OTC.

Bakteria nao wapo, siwezi kuwakana. Homa ya matumbo ya kuku, mafua makali ya kuvimba uso, mafua sugu ya kifua yanayoletwa na maikoplazima, na E. koli. Hapa antibayotiki ina kazi ya kufanya. Lakini tazama wanakotoka. Bakteria wa homa ya matumbo na maikoplazima hupita ndani ya yai kutoka kwa kuku mama, kwa hiyo kifaranga anaweza kufika kwako tayari anao. Hapo uamuzi mkubwa ulifanyika siku uliyochagua kituo cha kutotolesha. E. koli naye mara nyingi huingia baada ya njia ya hewa ya kuku kuunguzwa na amonia inayotoka kwenye maranda mabichi. Inama mpaka usawa wa kichwa cha kuku, uvute pumzi. Macho yakikuwasha, jua wao wanavuta hewa hiyo saa 24.

Tukiziweka njia mbili sambamba kwa swali hili, njia ya dawa inagusa sehemu ya magonjwa ya bakteria na kuyaacha yale yanayofyeka banda zima kwa wiki moja. Njia ya kinga inayazuia hayo makubwa kwa chanjo, na inapunguza ya bakteria kwa kuondoa kinachoyafungulia mlango.

Dawa ya majini inamfikia nani?

Hata pale ambapo ugonjwa ni wa bakteria, dawa iliyomwagwa kwenye maji ya kundi zima ina udhaifu ambao karatasi haiutaji. Kuku anayeumwa hunywa kidogo. Kuku mzima hunywa sana, hasa jua likiwaka. Hivyo asiyehitaji anapata dozi kubwa na anayehitaji anapata nusu au robo. Ongeza na desturi yetu ya kupima kwa kijiko cha chai na ndoo isiyojulikana ni lita ngapi.

Kwa kuku wa mayai liko jingine. Chakula chao kina chokaa nyingi ili ganda liwe gumu, na chokaa hushikana na dawa za jamii ya tetrasaiklini tumboni. OTC ni ya jamii hiyo. Kinachofyonzwa kuingia mwilini kinapungua, kinachobaki kinapita kwenye utumbo na kutoka na mavi.

Dozi hizo hafifu ndizo zinazolea usugu. Katika utumbo wa kuku mmoja wamo bakteria mabilioni, na kwa bahati tu wapo wachache wenye uwezo wa kuvumilia dawa. Dozi kamili kwa mgonjwa, kwa muda uliowekwa, huwapa nafasi ndogo. Dozi hafifu kila wiki huua wale dhaifu na kuwaachia uwanja wale sugu, wiki baada ya wiki. Zaidi ya hapo, bakteria hawangoji kuzaa ndipo warithishane. Wana vipande vidogo vya urithi viitwavyo plazimidi ambavyo humpa jirani, hata jirani wa aina nyingine kabisa. Bakteria wa kuku asiyemdhuru mtu anaweza kukabidhi usugu wake kwa bakteria anayemwumiza mtu.

Pesa na kazi

Hapa njia ya dawa inavutia, na ninaelewa kwa nini. Pakiti ni ndogo, inauzwa kila duka la pembejeo za mifugo, haihitaji friji, haina tarehe maalumu ya kutolewa. Unafungua, unakoroga, unaondoka. Mama mwenye kuku 150, watoto wawili na kibanda cha mboga hana saa ya kukaa na kuku asubuhi nzima. Njia ya kinga inadai saa hiyo.

Gharama zake ninazihesabu tofauti. Dawa inanunuliwa kidogo kidogo, haiandikwi popote, na kwa hiyo inaonekana kama haipo. Nilipokaa na daftari na stakabadhi za kundi moja la mayai, nilikuta nimenunua pakiti za antibayotiki mara 17 kabla sijaokota yai la kwanza. Chanjo za kundi hilo hilo zilikuwa ghali zaidi kwa siku niliyolipa, lakini jumla yake haikufika nusu ya pakiti hizo. Bei za kwako zinaweza kutofautiana. Andika kwa kundi moja tu, kila shilingi, uone.

Kuna wanaosema dawa hunenepesha, hata kama hakuna ugonjwa. Hili lina historia ya kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1940 huko Marekani, Thomas Jukes na Robert Stokstad wa maabara za Lederle waliona vifaranga waliolishwa mabaki ya utengenezaji wa dawa ya aureomaisini wakikua haraka kuliko wenzao. Habari ikaenea mwaka 1950 na viwanda vya chakula cha mifugo vikaanza kutia antibayotiki katika vyakula. Lakini ikaja kuonekana kwamba faida hiyo ni kubwa katika mabanda machafu na hupungua sana katika mabanda safi. Kwa maneno mengine, ukuaji unaoulipia kwa pakiti, sehemu yake kubwa unaweza kuupata kwa maranda makavu, joto la kutosha wiki ya kwanza na kutowabana. Joto hilo ni nyuzi 32 hadi 35 mahali vifaranga wanapolala, kisha unapunguza karibu nyuzi tatu kila wiki. Kuku wa nyama usipitishe 10 kwa mita moja ya mraba.

Chupa ya dozi elfu

Kikwazo halisi cha njia ya kinga kwa mfugaji mdogo ni kwamba chupa ya chanjo imetengenezwa kwa ajili ya kuku wengi. Chupa nyingi ni za dozi mia kadhaa hadi 1,000, na wewe una kuku 80. Ukishaichanganya inatakiwa itumike ndani ya saa mbili hivi, inayobaki inateketezwa. Watu huona hasara hiyo wakaacha chanjo kabisa.

Tulichofanya sisi kwenye mtaa wetu ni kupanga tarehe. Nyumba nne tunaagiza vifaranga wiki moja, tunanunua chupa moja, tunaichukua kwenye chupa ya chai yenye barafu, na kila nyumba imeshaandaa maji yake. Ina hatari moja, ya mtu kutembea kutoka banda hadi banda na kubeba ugonjwa kwa viatu. Kwa hiyo chanjo ndiyo inayotembea, kwa kipimo, na kila mwenye kuku anaingia bandani kwake mwenyewe.

Kwa chanjo ya kunywesha, nyima kuku maji saa moja au mbili ili wawe na kiu, lakini si mchana wa jua kali. Maji ya bomba yana klorini, na klorini huua chanjo hai. Tumia maji ya kisima au ya mvua, au ya bomba yaliyokaa wazi usiku kucha, kisha koroga maziwa ya unga yasiyo na mafuta, karibu gramu 2.5 kwa lita, kabla ya kutia chanjo. Vyombo vioshwe kwa maji matupu bila dawa ya kuulia wadudu. Vyombo viwe vya kutosha ili hata kuku mnyonge apate nafasi, na maji yaishe ndani ya saa mbili.

Kwa wanaofuga kuku wa kienyeji kuna chanjo ya mdondo ya I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo nyingine. Mbegu yake ilitoka Australia, na kwetu hutengenezwa Kibaha, katika taasisi ya chanjo iliyo chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Tone moja kwenye jicho, kila miezi mitatu au minne. Kijiji ambacho kila mwaka hufagiliwa na mdondo kinaweza kubadilika kwa kitone hicho peke yake, na hakuna antibayotiki duniani inayoweza kukifanyia hivyo.

Jambo moja la kuangalia. Chanjo hai ya homa ya matumbo ya kuku imetengenezwa kwa bakteria aliyedhoofishwa. Ukimpa kuku chanjo hiyo huku ananywa antibayotiki, umeiua chanjo kwa mkono wako. Karatasi ya ratiba inayoweka zote wiki moja inakupotezea pesa mara mbili.

Kile kinachoingia nyumbani

Watu huchanganya mambo mawili hapa, nayo hayafanani.

La kwanza ni mabaki ya dawa ndani ya nyama na yai. Kila dawa ina siku za kusubiri, zimeandikwa kwenye lebo, na katika siku hizo nyama haichinjwi wala yai haliuzwi. Njia ya dawa, ukiifuata kwa uaminifu, ingekulazimu utupe mayai karibu kila wiki. Hakuna anayetupa. Enrofloksasini, antibayotiki nyingine, haitakiwi kabisa kwa kuku anayetaga mayai ya kuliwa, lakini nimeona ikinyweshwa na trei zikaenda sokoni asubuhi yake. Kuchemsha au kukaanga si njia ya kutegemea kuondoa mabaki hayo.

La pili ni bakteria sugu wenyewe. Hawa moto huwaua vizuri. Hawaji kwa nyama iliyoiva. Wanakuja kwa mikono iliyotoka bandani, kwa kisu kilichokata kuku kisha kikakata nyanya za kachumbari, kwa mbolea mbichi iliyomwagwa kwenye tuta la mchicha, kwa kisima kilicho mteremkoni mwa banda. Hata asiyekula kuku anawapata.

Na dawa zenyewe ni ndugu wa za hospitali. OTC ni jamii moja na doksisaiklini. Tailosini ni jamii moja na erithromaisini na azithromaisini. Enrofloksasini ikiingia mwilini mwa mnyama sehemu yake hugeuka kuwa siprofloksasini ile ile anayoandikiwa mtu mwenye homa ya matumbo. Bakteria aliyejifunza kuishi na moja mara nyingi ameshajifunza kuishi na nduguye.

Mtoto wa dada yangu aliugua njia ya mkojo. Dawa ya kwanza haikufaa, ya pili haikufaa, ndipo mkojo ukaoteshwa maabara. Karatasi ya majibu ilikuwa na safu ya majina ya dawa na herufi mbele yake, S kwa inayofaa, R kwa iliyoshindwa. R zilikuwa nyingi kuliko S, na kati ya hizo nilisoma tetrasaiklini na siprofloksasini, majina niliyoyafahamu kwa sababu nimekuwa nikiyamwaga kwenye ndoo. Sisemi bakteria wale walitoka bandani kwangu. Hakuna anayeweza kusema, na sisi watu nasi tunameza vidonge vya rangi mbili kwa kila mafua. Ila tangu siku ile pakiti ya dawa siioni tena kama kitu cha kuku peke yake. Mwaka 2019 peke yake, watafiti walikadiria kuwa usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani, na mzigo mzito zaidi ulikuwa Afrika kusini mwa Sahara.

Kolistini ninaitaja peke yake. Ni dawa ya akiba hospitalini, hutolewa nyingine zikishindwa. Mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza kwamba wamegundua jeni iitwayo mcr-1, kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa, inayobebwa na plazimidi na kumpa bakteria usugu dhidi ya kolistini. China ikaacha kuitumia kama dawa ya kukuzia mifugo mwaka 2017. Ukisoma viambato vya pakiti ya kuku ukakuta kolistini, irudishe dukani.

Waliovuka kabla yetu

Mfano ninaoupenda si wa kuku, ni wa samaki. Mwaka 1987 wafugaji wa samoni wa Norway walitumia karibu tani 50 za antibayotiki kwa mwaka. Zikaja chanjo nzuri za magonjwa yao ya bakteria, kila samaki mdogo akachomwa sindano, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 matumizi yalishuka hadi tani chache, huku samaki wanaovunwa wakiongezeka mara kadhaa.

Denmark inafundisha kwa namna nyingine. Wafugaji wake wa kuku wa nyama waliacha antibayotiki za kukuzia mwaka 1998 na uzalishaji haukuyumba sana. Kwa nguruwe haikuwa rahisi hivyo. Watoto wa nguruwe walioachishwa kunyonya waliharisha zaidi na dawa za matibabu zikaongezeka kwa muda, mpaka wafugaji wakabadili umri wa kuachisha, malisho na mabanda. Kuacha dawa bila kubadili banda kunaumiza, na anayekuambia vinginevyo hajafuga.

Marekani iliruhusu enrofloksasini kwa kuku mwaka 1996 na ikaiondoa mwaka 2005, baada ya vimelea vya kuhara vinavyotoka kwa kuku kuonekana vimekuwa sugu kwa watu. Umoja wa Ulaya ulikataza antibayotiki za kukuzia kuanzia Januari 2006, na tangu Januari 2022 sheria yake inakataza dawa hizo kutolewa kwa mazoea au kutumiwa kufidia usafi duni na uangalizi hafifu wa shamba. Kipengele hicho ndicho ningetaka kukiona kimebandikwa kwenye ukuta wa kila duka la mifugo.

Pale antibayotiki inaposhinda

Banda likishaingiwa na homa ya matumbo, au kuku wamevimba nyuso na pua zinanuka, chanjo imechelewa. Hapo kumnyima kuku dawa ni ukatili. Mwite daktari wa mifugo, au peleka kuku wawili watatu wanaoumwa au waliokufa muda si mrefu kwenye maabara ya veterinari iliyo karibu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro nako hupokea. Ukiandikiwa dawa, toa dozi kamili kwa siku zote, pima maji kwa lita, tenga wagonjwa ili wanywe wao, na andika tarehe ya mwisho wa kusubiri kwenye mlango wa banda. Pakiti iliyobaki isiwekwe "kwa ajili ya siku nyingine".

Shubiri, mwarobaini na kitunguu saumu nimevitumia, na simkatazi mtu. Kuvitumia badala ya chanjo ya mdondo ni kubahatisha na maisha ya kuku.

Uchague vipi

Kwa kuku wa nyama wa wiki tano au sita, kishawishi cha dawa ni kikubwa na haja yake ni ndogo. Mdondo siku ya 7 na 21, Gumboro siku ya 14 na 28, joto na maranda. Ukinywesha antibayotiki wiki ya tano, siku za kusubiri zitagongana na siku ya mnunuzi, nawe utajikuta unachagua kati ya hasara na dhamiri.

Kwa kuku wa mayai, ongeza Mareksi inayotolewa kifaranga akiwa wa siku moja huko anakototoleshwa, uliza kabla ya kulipa, kisha ndui na homa ya matumbo kabla hawajaanza kutaga, na mdondo kila miezi mitatu. Kila duru ya dawa baada ya hapo ni mayai ya kutupa, kwa hiyo hesabu za njia ya dawa hapa ndipo zinapokuwa mbaya zaidi.

Kwa kuku wa kienyeji, tone la jichoni na mahali pakavu pa kulala. Antibayotiki karibu hutaihitaji.

Na kama una kundi katikati ya safari, ambalo limezoea dawa tangu siku ya pili, usikate leo na kuacha banda lilivyo. Anza na maranda na madirisha, weka beseni la dawa ya kukanyaga mlangoni na viatu vya bandani tu, kamilisha chanjo zilizorukwa baada ya kumwuliza mtaalamu, na mbolea uilundike iive kwanza kabla haijaenda kwenye mboga. Kisha kundi jipya lianze bila dawa.

Ile karatasi ya fotokopi bado ninayo, imeninginia kwenye msumari bandani. Nilichukua kalamu nikafuta mistari sita ya mwezi wa kwanza. Ilibaki minne, yote ya chanjo, na pembeni nimeandika kwa mkono: joto, maranda, lita.